Kuhamisha mayai ya kasa bila kuyaua: kwa vijana wa Goma wanaokwenda Muanda

Pwani ya nchi yetu, Kongo (DRC), ni fupi, kama kilomita 40, na sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Mikoko ya Muanda. Kasa hupanda kutaga usiku, hasa miezi ya mwisho wa mwaka hadi Machi hivi.

1. Chukueni toshi ya mwanga mwekundu. Mwanga mweupe humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Moto ufukweni pia hapana.

2. Mkimwona anapanda, kaeni chini, kimya. Msogeleeni kutoka nyuma yake tu, na baada ya mayai kuanza kudondoka.

3. Amueni kama kiota kihame. Aliyezoea Ziwa Kivu hukosea hapa, kwa sababu Kivu haina maji kujaa na kupwa. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu hupanda zaidi. Tafuteni mstari wa juu kabisa wa takataka kavu zilizoachwa na maji. Kiota kikiwa juu yake, kiacheni.

4. Kuhamisha. Fanyeni ndani ya saa 6 tangu kutagwa, mapema zaidi ni bora. Baada ya hapo kiinitete, yaani mtoto anayeanza kukua ndani ya yai, hujishika upande wa juu wa ganda. Yai likigeuzwa, kinakufa, na kwa nje hamtaona tofauti. Mkichelewa, msiguse.

Kwanza pimeni kina cha shimo la mama. La kasa mdogo wa rangi ya zeituni hufika sentimita 40 hadi 45. La noa, yule mkubwa mwenye mgongo wa ngozi, 70 hadi 80. Shimo jipya liwe na kina hichohicho, shingo nyembamba na tumbo pana kama kibuyu. Lichimbeni kwa mikono. Sepeto huharibu kuta. Likiwa fupi mno, jua hupika mayai. Hata joto lisiloua lina athari: mchanga ukizidi nyuzi 29 hivi, majike huzidi madume.

Bebeni kwa ndoo ngumu yenye mchanga wa majimaji chini. Gunia na mfuko vikatazwe kabisa, mayai hubingirika humo. Glavu safi, mayai mawili au matatu kwa mkono, bila kuyageuza wala kuyaosha. Hesabuni. Tembeeni kwa miguu, pikipiki hutikisa. Vijiyai vidogo visivyo na kiini, ambavyo noa hutaga pamoja na mayai yake, viwekwe mwisho, juu. Funikeni kwanza kwa mchanga wenye unyevu uliotoka kwenye shimo la mama, ndipo mchanga mkavu. Msikanyage. Kiota na kiota viachane mita 1.

5. Wekeni wavu dhidi ya mbwa, na kijiti chenye tarehe.

6. Kuanzia siku ya 45 ondoeni wavu, mkeshe. Vifaranga watambae wenyewe hadi majini, msiwabebe. Siku 3 baada ya wa mwisho kutoka, fukueni, mhesabu maganda na mayai yaliyooza, mlinganishe na hesabu ya ndoo.