Kunakili santuri za redio za Marekani

Michezo ya kuigiza ya mwisho ya enzi ya michezo ya redio Marekani ilirushwa na CBS, shirika la utangazaji la huko, tarehe 30 Septemba 1962. Wadhamini walikuwa wameshahamia televisheni. Vipindi vingi vimebaki kwenye santuri za inchi 16, mizunguko 33⅓ kwa dakika, upande mmoja dakika 15 hivi.

Tafuta gramafoni yenye mkono mrefu, maana ya kawaida huishia inchi 12. Sindano iwe ya mikromita 60 hivi. Ile ya LP (santuri ya muziki ya kawaida) ni nyembamba, huburura chini ya mfereji, yaani mstari uliochongwa ambamo sindano hupita, na kuleta mikwaruzo.

Unga mweupe juu ya laka, yaani tabaka la juu la santuri lenye mifereji, ni asidi inayotoka ndani yake. Usiupanguse mkavu, na spiriti usiiguse kabisa, itaharibu laka. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni isiyo na harufu. Laka ikishabanduka, acha, mpe fundi wa kuhifadhi rekodi za kale. Santuri za wakati wa vita huwa na kioo ndani: zishike kwa mikono miwili.

Santuri nyingine huanzia katikati kwenda nje. Rekodi kwa stirio, biti 24: sauti ikiwa hafifu ukiunganisha chaneli, mfereji ni wa wima (sauti imechongwa juu-chini, si kando), basi geuza mawimbi ya chaneli moja, juu yawe chini, kabla ya kuunganisha.