Sendofu: jinsi ya kuupata uso wa mama kabla haujafunikwa na leso

Kwenye sendofu nyingi za Dar es Salaam, yaani sherehe za kumuaga binti anayeolewa, tukio lenye hisia kuliko yote halichukui hata dakika tatu. Binti anapiga magoti mbele ya wazazi, anawalisha keki, wanakumbatiana, kisha muziki unaendelea. Wapiga picha wengi hutoka pale na picha safi kabisa ya keki, na mgongo wa bi harusi.

Kazi inaanza siku mbili tatu kabla. Omba ratiba kwa kamati au kwa MC, kisha uulize mambo matatu: wazazi watakaa wapi, nani hasa amemlea binti (mara nyingine ni bibi au shangazi, wala si mama aliyeandikwa kwenye kadi), na kama kuna marehemu atakayetajwa. Hilo la mwisho usiliache. Baba mdogo akimtaja marehemu kwenye hotuba, meza nzima inabadilika, na ratiba haikukuonya.

Ukumbini, usisimame katikati. Binti akipiga magoti, ukumbi wote unaona mgongo wake. Simama nyuma kidogo ya bega lake, upande, uchuchumae ili lenzi iwe usawa wa macho ya mama aliyekaa. Watu wawili wakikumbatiana, kila mmoja huficha uso begani kwa mwenzake, kwa hiyo upande mmoja utakupa uso mmoja tu. Anza na wa mama. Binti utampata akiinuka.

Zungumza mapema na mpiga video. Taa yake ikiwa juu ya kamera inawakodolea watu na kuwafanya wafinye macho. Aiweke kwenye stendi pembeni, juu kidogo ya kichwa. Halafu mwombe MC awatangazie wenye simu wabaki vitini hadi keki iishe. MC akisema wanacheka na kukaa. Ukisema wewe wanakununia.

Kwenye kamera, mwendo wa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) uwe 1/200 ya sekunde. Ukishuka hadi 1/60, mkono unaofuta machozi unakuwa ukungu. Lenzi ya 85mm inakuruhusu kukaa mita 3 au 4 bila kuwabana; ya 35mm inafaa pale watu wanapojaa. Fungua tundu la lenzi hadi f/2.8, usishawishike na f/1.4 (namba ikipungua, tundu linapanuka). Kwa 85mm kwenye kamera ya fremu kamili, ukiwa mita 2, f/1.4 inakupa kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali, cha sentimita 5 hivi: jicho la mama linakaa sawa, la binti limeyeyuka. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 3200 au 6400. Chembechembe kwenye picha hazijawahi kumuudhi mama yeyote.

Shata ya kimya ya kielektroniki ni nzuri kanisani, lakini chini ya taa za LED inaweza kuchora mistari ya giza usoni. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Tumia shata ya kawaida, na mistari ikibaki shuka hadi 1/100. Taa za jukwaani zina mapepeso yao tofauti, kwa hiyo jaribu kabla wageni hawajaingia. Flashi usiielekeze kwenye dari lililofunikwa vitambaa vya zambarau, maana nyuso zitarudi na rangi hiyohiyo.

Gauni la vimetameta huidanganya kamera: inadhani mwanga umezidi, inafifisha picha, nyuso zinazama. Pima mwanga kwenye shavu, funga mipangilio kwa mkono, uache gauni liwake kidogo.

Sasa subiri. Piga fremu tatu au nne, pumzika, piga tena. Ukishikilia kitufe mfululizo, kamera inajaa na kugoma wakati uleule unaoutaka. Wakiachana, usishushe kamera kwa sekunde tano nyingine. Hapo ndipo mama anatafuta leso, na baba, ambaye mara nyingi halii, anameza mate na kutazama dari huku ameikunja ratiba mkononi. Ukigeuka, kwenye meza ya dada za binti kuna mmoja analia na mwingine anamcheka.

Ukikosa, usiwaombe warudie. Watarudia kwa kuigiza, na inaonekana. Subiri zawadi za wazazi.

Wakati wa kuchagua, bakisha picha yenye fokasi legevu kidogo kama uso unaongea. Taa za DJ zikiwa zimeharibu rangi, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Usilainishe ngozi hadi ukafuta mstari wa machozi kwenye poda. Picha ya mtu anayelia ipelekwe kwa familia kwanza, wao ndio waseme kama iende Instagram. Na kama shughuli ni ya wanawake watupu, kama ilivyo kawaida Zanzibar na Pwani, mpiga picha awe mwanamke, na faili zikabidhiwe mwenye shughuli mwenyewe.