Kuku 100 wa nyama wakati unasubiri ajira

Mhitimu anayerudi nyumbani na akiba ndogo hukimbilia kuku wa nyama kwa sababu fedha inarudi ndani ya wiki tano au sita. Wengi huanza na vifaranga 500, halafu wiki ya tano ndipo wanaanza kutafuta wateja. Hapo ndipo mtaji unapoishia. Kuku wa wiki tano anakula gramu 150 hivi kwa siku. Wakiwa 100, kila wiki unayochelewa kuuza inamaliza mifuko miwili ya kilo 50. Kwa hiyo kabla hujalipia kifaranga hata kimoja, zunguka kwa wauza chipsi, mama ntilie na baa za jirani, uandike nani anachukua wangapi, siku gani, wazima au waliochinjwa. Asiyelipa taslimu usimhesabu.

Banda la mita 10 za mraba linatosha kuku 100. Tandaza maranda makavu unene wa sentimita 5. Ndani yake zungusha ubao mwembamba au karatasi ngumu, upana wa duara mita 2. Liwe duara kweli, maana kwenye kona vifaranga hulundikana na kukosa hewa. Joto liwake saa kadhaa kabla hawajafika: nyuzi 32 hadi 33 wiki ya kwanza, kisha punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Vifaranga wenyewe watakuambia. Wakijikusanya katikati wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wana joto, wakijazana upande mmoja upepo unaingia mahali. Jiko la mkaa liwashie nje hadi moshi uishe, na juu ya banda acha nafasi ya hewa, kwani hewa ya mkaa inaua kimyakimya, wewe na wao.

Chakula: kilo 3 hadi 3.5 kwa kila kuku mpaka kuuzwa, yaani mifuko 6 au 7 kwa kuku 100. Miwili ya chakula cha kuanzia, inayobaki ya chakula cha kumalizia. Inunue yote mapema ukiweza. Kukatiza chakula katikati kunadumaza kuku na hawafidii.

Kideri na gumboro ni magonjwa ya virusi yanayoua kuku. Chanjo ya kideri hutolewa siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, lakini mwulize ofisa mifugo wa kata yako kama eneo lenu lina ratiba tofauti. Chanjo hizi hutolewa kwenye maji ya kunywa, na makosa makubwa yako hapo. Maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo, hivyo tumia ya kisima au ya mvua yaliyo safi. Wanyime maji kwa muda wa saa mbili, kisha wapewe yenye chanjo kiasi cha kumalizika ndani ya saa mbili. Chupa ya chanjo ibebwe kwenye barafu tangu dukani.

Maranda yakilowa, kuhara damu kunafuata. Ondoa sehemu mbichi kila siku, hasa chini ya vyombo vya maji. Ukitumia antibiotiki, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuchinja. Walaji ni majirani zako.

Ukiitwa kwenye usaili Dodoma wiki ya pili, nani atakesha na moto? Mfundishe mtu huyo tangu siku ya kwanza, na mwachie ratiba imebandikwa mlangoni.

Wakishauzwa wote, toa maranda, osha, pulizia dawa, na liache banda tupu wiki mbili.