Moyo dhaifu na mazoezi: anza kwa kutembea

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, kulala tu kitandani huzidisha udhaifu. Misuli ya miguu ikizoezwa hutumia oksijeni vizuri zaidi, nawe hupandi ngazi ukihema. Daktari akuruhusu kwanza, hali ikiwa imetulia.

Mombasa, joto na unyevu ndio tatizo kubwa. Toka saa 12 asubuhi, ufuate njia tambarare kama ya Mama Ngina. Anza na dakika 5 hadi 10, uongeze kidogo kidogo kila wiki mpaka 30, siku 5 kwa wiki. Uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi; ukishindwa, punguza mwendo. Mapigo ya moyo yasikudanganye, kwani baadhi ya dawa huyashusha. Na usikome ghafla: damu hubaki miguuni ukashikwa na kizunguzungu, hasa ukitumia dawa za kupunguza maji mwilini. Malizia polepole dakika 5.

Jipime uzani kila asubuhi baada ya kukojoa. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikivimba, usifanye mazoezi. Ipigie kliniki simu. Ukiumwa kifua au ukizirai, ni hospitali mara moja.