Kuendesha programu za Windows kwenye Linux kwa kutumia Wine

Wadau wa Mbeya wenye kompyuta za mtumba, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025 na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, sasa watu wanahamia Linux Mint (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows) halafu wanakwama palepale, programu ya stoo ya duka la Mwanjelwa ni .exe (faili la programu ya Windows) na aliyeiandika hapatikani.

Hapo ndo unaita Wine. Ipo tangu 1993, na haitengenezi kompyuta nyingine ndani ya yako, inakaa katikati kama mkalimani, programu ikiomba kitu kwa Windows, Wine inageuza ombi liende Linux, ndo maana hata RAM ya GB 4 inatosha kwa vitu vya kawaida.

Programu nyingi za kale ni za biti 32, kwa hiyo anza hivi kwenye terminali:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32:i386 winetricks

Sasa sikiliza hapa maana wengi wanaruka: kila programu ipe folda yake. Nenda ilipo setup.exe, andika

WINEPREFIX=~/duka wine setup.exe

Windows feki yote inakaa humo ndani ya ~/duka, mafaili ya programu yakiwa kwenye drive_c, ila kitu ukikihifadhi My Documents kwa kawaida kinaenda folda ya Documents ya Linux. Bakapu ni kukopi hiyo folda, na Documents pia kama data inakaa huko, na programu nyingine ikivurugika hii haiguswi. Usipoitenga vyote vinarundikana ~/.wine na ukirekebisha kimoja unaharibu kingine.

Maandishi yakikaa hovyo piga WINEPREFIX=~/duka winetricks corefonts, inaongeza fonti za Windows. Ikigoma kufunguka, piga WINEPREFIX=~/duka winecfg (dirisha la mipangilio ya Wine), badilisha toleo liwe Windows 7 au XP ujaribu tena. Printa haitaki draiva ya Windows, ikishachapa kwenye Linux Wine nayo inaiona.

Programu inayotaka draiva yake yenyewe au dongle ya leseni ya USB (kifaa unachochomeka ndo programu ifunguke), mara nyingi usipoteze bando, achana nayo. Office 2010 inakubali vizuri tu, hizi mpya zinasumbua.

Wenye steshenari mnaopokea flashi za wateja, virusi vya Windows navyo vinaweza kukimbia ndani ya Wine, na drive Z: inavionyesha mafaili yako yote ya Linux. Itoe kwa WINEPREFIX=~/duka winecfg, sehemu ya Drives, na Wine usiiendeshe kwa sudo (mamlaka ya msimamizi) hata siku moja.