Kuvu za ndani ya mizizi ya msonobari: kazi yote iko kwenye kuosha

Juzi binti mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea visahani 30 vya aga, ile jeli ya kuoteshea kuvu, vyote vimefunikwa na ukungu wa kijani. Alidhani amepata kuvu za ndani ya mzizi. Alikuwa amepata kuvu za udongo tu. Mimi mwenyewe nilipoteza mwezi mzima hivyo hivyo, kwa hiyo naandika hatua za kuzipata zile za ndani kweli.

1. Kibali. NACOSTI (tume ya Kenya ya sayansi na utafiti) na Huduma ya Misitu ya Kenya. Msitu wa Karura, Nairobi, huingii na jembe hivi hivi.

2. Kuchimba. Anza shinani, fuata mzizi kwa vidole mpaka ufikie ule mwembamba, chini ya milimita 2. Ukiokota tu mzizi uliouona, huenda ni wa mti wa jirani. Weka kwenye baridi, ushughulikie kesho yake.

3. Aga. Tumia ya kimea. Ya viazi siipendi: kuvu zenye mbio hunawiri mno na kuzimeza za polepole. Weka streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, ikishapoa kidogo. Na kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hivyo ukichemsha aga kwenye mtungi wa mvuke (autoclave) kuua vijidudu, presha ile ile ya kitabuni haifikishi nyuzi 121, ongeza dakika.

4. Kuosha. Suuza udongo wote, kata vipande vya sentimita 2. Ethanoli 70% dakika 1, hipokloriti (dawa ya klorini ya kupaushia) 2% dakika 3 na tone la sabuni ya vyombo, ethanoli tena sekunde 30, kisha maji safi yaliyouliwa vijidudu, mara 3.

Hizo dakika 3 usizikariri. Mzizi mwembamba kama uzi hupauka hadi kiini, na kuvu ulizozifuata zikafa pamoja na za nje. Jaribu 1, 3 na 5 kwanza. Halafu klorini huzeeka, hasa chupa ikikaa juani. Mwezi wangu uliishia hapo: nilibadilisha aga, nikabadilisha hata miti, chupa ikabaki ile ile ya mwaka uliotangulia. Nunua mpya, changanya asubuhi ya kazi.

Kisha bandika kipande kilichooshwa juu ya aga tupu, ukiondoe. Maji ya mwisho nayo yamwage kwenye kisahani kingine. Kikiota chochote, tupa kundi lote. Ni kweli Trichoderma, ukungu wa kijani, huweza kuishi ndani ya mzizi, lakini bila jaribio hili huna la kujitetea.

Mwisho kata ncha zote mbili, dawa huingilia hapo, ubaki na milimita 5 za kuweka juu ya aga.

5. Kusubiri. Gizani, wiki 6. Zile nyeusi za polepole, jamaa za Phialocephala, hujitokeza wengine wakishatupa visahani. Zinazokimbia zihamishe kwenye visahani vingine kila siku.

6. DNA. Soma eneo la ITS, kipande cha DNA kinachotumika kutambua aina ya kuvu. Kuvu nyingi zinazoshirikiana na msonobari hukataa kuota maabara, kwa hiyo gandisha sehemu ya mizizi iliyooshwa uitoe DNA moja kwa moja. Lebo andika kwa penseli. Ethanoli hufuta wino.