Kubandika maandishi ya vinaili kwenye fulana kwa joto

Vinaili nyingi (karatasi za plastiki zenye gundi inayoshika kwa joto) huharibika hata kabla mashine ya kugandamiza haijapata moto, kwa sababu mchoro haukugeuzwa. Plota, yaani mashine ya kukata michoro, hukata upande wa gundi, plastiki ya kubebea ikiwa chini, kwa hiyo herufi zigeuze zisomeke kinyume, kama kwenye kioo. Jaribu kisu kwa mraba wa sentimita 2: ukibanduka wenyewe na plastiki ikabaki na mkwaruzo hafifu tu, kina kinatosha. Ng'oa mabaki kwa sindano, ukianza na vitundu vya ndani ya "a" na "o". Vitundu hivyo ndivyo husahaulika.

Piga pasi fulana tupu kwa sekunde 5. Unyevu wa pamba ukigeuka mvuke chini ya vinaili, hutoa malengelenge. Kisha laza herufi, gundi ikiwa chini na plastiki juu, ugandamize: kwa vinaili ya kawaida juu ya pamba, nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, sekunde 10 hadi 15, mgandamizo wa wastani. Mtengenezaji akiandika vingine, mfuate yeye. Mishono na vifungo visiwe chini ya bamba la moto la mashine: huliinua, na kingo hazishiki.

Poliesta ni sumbufu. Joto huamsha rangi ya kitambaa ikapanda juu, na maandishi meupe kwenye fulana nyekundu yanageuka waridi. Tafuta vinaili ya joto dogo.

Unapobandua plastiki, herufi ikiinuka usiivute. Ilaze, gandamiza tena sekunde 5. Subiri saa 24 kabla ya kufua.